Kubaki Pemba au kuhamia Mjini kwa mshahara wa laki tatu na nusu

Kazi ya Unguja mara nyingi huja kwa simu ya ndugu. Kuna nafasi dukani, ofisini au hotelini, wanalipa laki tatu na nusu, fanya haraka kabla hajachukuliwa mwengine. Aliyeko Pemba, awe Wete, Konde au Kengeja, anaisikia tarakimu ile na kuipima na anachokipata kwao: laki mbili pengine, au kisichojulikana kila mwezi. Tarakimu ya Unguja inashinda, begi linafungwa, boti inapandwa.

Kipimo hicho kinawaumiza watu. Kinachofaa kupimwa kwanza ni kile kitakachobaki mkononi mwezi ukiisha. Cha pili ni kile utakachokuwa umejifunza baada ya miaka miwili ya kazi hiyo. Mshahara wenyewe ni wa tatu. Naziweka hapa Pemba na Mjini, yaani mji wa Zanzibar kule Unguja, zikabiliane, kwa mtu wa kipato kidogo, na pale ninapoona upande mmoja umeshinda nitasema.

Wapo watu ambao jibu lao ni jepesi, nao ni watumishi wa Serikali. Mwalimu wa skuli ya Serikali Micheweni na mwenzake wa Kikwajuni, wakiwa na elimu moja na miaka mamoja kazini, wako kwenye ngazi moja ya mshahara. Sasa mwalimu wa Micheweni akiomba uhamisho kwenda Mjini, mshahara unabaki ule ule na juu yake inaongezeka kodi ya nyumba. Amejipunguzia mshahara kwa mkono wake. Kama anamfuata mume au mke, au ana mtoto anayehitaji matibabu ya karibu, hiyo ni sababu ya haki na hakuna wa kumlaumu. Lakini kama anahama kwa kuamini kwamba Mjini kuna pesa zaidi, kwake yeye hakuna. Muuguzi vivyo hivyo, na karani wa halmashauri vivyo hivyo.

Kwa hivyo yanayofuata yanamhusu zaidi anayekwenda kwa mwajiri binafsi, au anayeajiriwa kwa mara ya kwanza.

Nyumba

Hapa ndipo penye uamuzi wote, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Ile ya 2022 ikahesabu 893,169. Yaani karibu watu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi, katika mkoa wenye kilomita za mraba 230 tu. Pemba nzima, mikoa yote miwili, sensa hiyo hiyo ilikuta watu 543,441. Basi ukitafuta chumba Mjini ujue kwamba unashindana na umati ulioongezeka kwa zaidi ya nusu ya Pemba, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja.

Tena si kila mtaa ulio wazi kwako. Mji Mkongwe umekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na nyumba nyingi pale zimegeuzwa hoteli na nyumba za wageni. Mwenye nyumba anayeweza kumlaza mtalii kwa usiku mmoja hatamfikiria karani wa laki tatu na nusu. Majumba ya Michenzani yana wenyewe, familia zimekaa humo tangu miaka ya sabini. Kule Fumba majengo mapya yanauzwa kwa dola. Anayebaki na mshahara mdogo anatazama Ng'ambo, Jang'ombe, Magomeni, Mwembemakumbi, ambako chumba ni kidogo na choo ni cha pamoja lakini mtu anaweza kwenda kazini kwa miguu. La hivyo, anasogea nje: Fuoni, Tomondo, Kwarara, Bububu, Chuini. Huko chumba kinakuwa na hewa na kodi inapungua, ila nauli na saa za barabarani zinaongezeka.

Ushauri wangu kwa anayefanya kazi mjini kati ni akubali chumba kibaya cha karibu kuliko kizuri cha mbali, kwa mwaka wa kwanza angalau. Anayekaa mbali analipa nauli kila siku ya kazi, hata siku ambayo mfukoni hamna kitu. Anayekaa karibu hurudi nyumbani mchana akala alichopika mwenyewe, na chakula cha mchana cha kununua ndicho kinachomaliza mishahara ya wengi.

Kuna jambo ambalo ndugu wa kwenye simu huwa halisemi. Wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja mmoja. Wanataka ya miezi mitatu, sita, wengine ya mwaka. Dalali naye anataka chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja. Tuseme umepata chumba cha 100,000 na mwenyewe anataka miezi sita: hiyo ni 600,000, na dalali 100,000. Laki saba zinatakiwa kabla hujapokea mshahara wa kwanza, na bado hujanunua godoro, jiko wala sufuria. Zitatoka wapi? Kwa wengi zinatoka kwa mzee aliyeuza ng'ombe, au kwenye pesa za karafuu zilizowekwa kwa jambo jengine. Kwa hivyo unaingia Mjini ukiwa na deni, na deni hilo lazima liingie kwenye hesabu.

Pemba, kijana wa mshahara mdogo kwa kawaida anakaa kwao. Chumba kipo, au kipo kiwanja cha kujenga cha uani. Halipi kodi. Katika ulinganisho huu sioni jambo jengine linaloukaribia uzito wa hili.

Hesabu ya mwezi mmoja

Mwaka 2022 Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka 300,000 hadi 347,000. Nitaichukua 347,000 iwe mshahara wetu wa mfano Mjini. Bei nyengine ninazotaja hapa ni za mfano pia. Weka zako mwenyewe baada ya kumuuliza mtu anayelipa leo.

Mchango wa mfanyakazi kwa ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ni asilimia 7, kwa hivyo 24,290 inakatwa na 322,710 inabaki, tukiacha makato mengine kama yapo. Kodi ya chumba 100,000. Tuseme nauli ni 600 kwa gari moja na unapanda gari mbili kwenda na mbili kurudi, siku 26 za kazi: 62,400. Chakula, tuseme 5,000 kwa siku, chai, cha mchana na cha usiku: 150,000. Jumla 312,400. Imebaki 10,310. Humo utoe umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla), vocha ya simu, sabuni, dawa ya homa ikibidi, na cha kumpelekea mama. Haitoshi. Na wala sijaweka starehe yoyote.

Sasa mtazame mwenzako aliyebaki Wete katika kazi ya duka ya 200,000, isiyo na mkataba wala ZSSF. Anakaa kwao na anampa mama 60,000 ya matumizi. Nauli ya gari moja kwenda na kurudi, tuseme 500, kwa siku 26 ni 26,000. Cha mchana 1,500 kwa siku hizo ni 39,000. Ametumia 125,000. Anabakiwa na 75,000.

Mwenye mshahara mdogo amebakiwa na zaidi ya mara saba ya mwenye mshahara mkubwa. Kwa hivyo mtu akikwambia Mjini analipwa vizuri zaidi, muulize analala wapi.

Lakini hesabu ya Wete ina upungufu wake, nao ni mkubwa. Yule wa Mjini, hata akiwa na shida, kila mwezi ZSSF inawekewa kwa jina lake: asilimia 7 zake, na za mwajiri zilizo nyingi kuliko hizo. Kwa mshahara wa 347,000 hiyo ni zaidi ya 48,580 kwa mwezi ambayo huioni lakini ni yako. Mwenzake wa dukani hana. Ana 75,000 mkononi, na akiumwa miezi miwili nafasi yake imekwenda. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kazi ya Mjini bila mkataba na bila ZSSF imepoteza nusu ya sababu za kuifuata. Wapo wanaovuka bahari kwenda kufanya kazi ya dukani isiyo na karatasi, kazi ile ile waliyoiacha Chake Chake. Hao siwaoni wamepata nini.

Chakula

Watu husema Pemba kila kitu ni rahisi. Si kweli, na anayebaki kwa kuamini hivyo atalaumu. Mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta vinatoka nje ya kisiwa na vinavuka bahari kuja kwetu kama vinavyokwenda Unguja, mara nyingine vinapita Unguja kwanza. Saruji na mabati ni hivyo hivyo. Anayejenga Pemba anajua.

Kilicho rahisi Pemba ni kile kisichonunuliwa kabisa. Muhogo uko nyuma ya nyumba, na kisamvu chake. Ndizi, majimbi, shelisheli, embe kwa wakati wake, nazi za kuangua. Vibua na dagaa ukiwafuata mwenyewe dikoni, samaki wakiingia kwa wingi. Siku ambayo huna shilingi, kiamboni unakula muhogo kwa nazi na unalala umeshiba. Mjini siku kama hiyo unalala na njaa, au unakopa dukani boflo na chai. Mwezi wa Ramadhani tofauti inazidi, maana vyakula vya futari ndivyo hivyo hivyo vya kiamboni, na pale sokoni Darajani na Mwanakwerekwe kila fungu lina bei yake.

Kwa upande wa tungule, vitunguu na mbatata sioni tofauti ya kumfanya mtu ahame au abaki.

Kukaa kwa ami

Wengi wataniambia: mimi sitapanga, nitakaa kwa ami yangu Mtoni, au kwa mama mdogo Fuoni. Hilo linabadilisha hesabu yote. Ondoa 100,000 ya kodi, punguza chakula, na ghafla Mjini panawezekana. Kwa kweli nadhani ndiyo njia pekee ya busara ya kuanza kwa mtu wa laki tatu na nusu.

Ila kukaa kwa ndugu kuna malipo yake, na ni vizuri yajulikane tangu mwanzo ili watu wasije wakanuniana. Mchango wa nyumba uutaje wewe mwenyewe wiki ya kwanza, usingojee kuulizwa, na umkabidhi mwenye jiko: mama mdogo, shangazi au mke wa ami. Yeye ndiye anayeona chakula kimeisha. Ukirudi likizo Pemba usirudi Mjini mikono mitupu. Na taja muda. "Shangazi, naomba nikae mwaka mmoja nijipange" ni maneno yanayompa mtu raha ya kukupokea, kwa sababu anajua chumba cha wanawe kitarudi lini.

Kwa msichana hili linakwenda mbali zaidi. Wazazi wengi wa Pemba hawatamwachia binti akapange chumba peke yake Magomeni, na mimi siwalaumu. Lakini akikaa kwa ami, kazi ya zamu za usiku inakuwa tabu, maana atarudi saa tano na nyumba ina taratibu zake. Mazungumzo hayo yafanywe kabla ya kukubali kazi, ami mwenyewe akiwepo na akijua zamu zilivyo. Wapo mabinti walioacha kazi nzuri mwezi wa pili kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema waziwazi saa ya kurudi nyumbani.

Upande wa pili wa undugu ni kwamba ukishakuwa Mjini, na wewe unakuwa wa kufikiwa. Mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja atahitaji pa kulala yeye na anayemuuguza. Mdogo wako atakuja kufanya usaili. Harusi, maziko, mchango wa hitima, vyote vitakutafuta kwa simu, na kule nyumbani "yuko Unguja" maana yake "anazo". Ni wajibu, na sisemi ukimbiwe. Nasema uingie kwenye bajeti kama nauli inavyoingia. Aliye Pemba huzika kwa miguu yake na huchangia kwa nguvu zake: anachimba kaburi, anabeba maji, anapika. Aliye Mjini hana njia ila pesa.

Boti nayo ni sehemu ya hesabu hii. Sikukuu ya Idi mbili kwa mwaka, na msiba mmoja ambao huwezi kuukosa, tayari ni safari tatu za kwenda na kurudi. Tiketi za sikukuu zinaisha mapema. Na wakati wa kusi mkondo wa Nungwi si wa mchezo. Wapemba tunaukumbuka usiku wa Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama njiani kuja kwetu, na hakuna aliyefiwa na ndugu siku ile anayeipanda boti kwa moyo mwepesi.

Kile ambacho Pemba haina

Baada ya yote hayo mtu anaweza kudhani nasema wabaki. Hapana. Kuna kitu kimoja Mjini inacho ambacho Pemba bado haijakipata, nacho ni kazi ya pili. Si kibarua cha jioni ninachokisema. Ni ile kazi unayoipata kwa sababu uliifanya ya kwanza. Fundi wa mabarafu na viyoyozi akifanya Mjini miaka miwili atakuwa amefungua mashine za kila aina, na hoteli tatu zitakuwa na nambari yake. Akiwa Wete atazifungua chache, na waajiri wanaoweza kumwita ni wa kuhesabu kwa vidole. Mhasibu kijana, mpishi, mtu wa kompyuta, fundi umeme, mpokeaji wageni anayejifunza Kiitaliano au Kijerumani kwa kuzungumza nacho kila siku: hawa Mjini na pwani wanakua, na mshahara wao wa mwaka wa tatu hauwi ule wa mwaka wa kwanza.

Mlinzi, muuza duka, msafishaji, mchukuzi, hawa mshahara wao wa mwaka wa tano unafanana sana na ule wa mwanzo. Kwao Mjini ni ghali na haiwaongezei kitu. Maneno haya ni mazito kuyasema kwa sababu ndio wengi, na ndio wanaohama zaidi. Lakini ndivyo ninavyoona: kama kazi haikufundishi kitu utakachouza kwa mwajiri mwengine, usiivukie bahari.

Na kama shabaha ni masomo, usidhani lazima uhame. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina kampasi yake hapa Pemba, Mchangamdogo. Angalia kwanza kama fani unayoitaka inasomeshwa pale, maana miaka mitatu ya kula kwenu ni akiba kubwa kuliko mkopo wowote.

Tena kuna mikarafuu. Mwenye familia yenye mikarafuu akiondoka, msimu ukifika hayupo, na badala yake analipwa mchumaji kwa pishi. Msimu mkubwa hauji kila mwaka, hilo kweli, lakini ukija unaweza kuzidi akiba ya mwaka mzima ya mtu wa Jang'ombe. Akina mama wa mwani wana hesabu kama hiyo, ndogo zaidi lakini ya mwaka mzima.

Pwani ya Unguja, na Dar

Kati ya Pemba na Mjini kuna njia ya tatu ambayo naona inadharauliwa: hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani. Baadhi zina nyumba za wafanyakazi, zinatoa chakula cha zamu na gari ya kuwachukua. Kwa mshahara ule ule wa 347,000, mtu asiyelipa kodi, nauli wala cha mchana anaweza kubakiwa na zaidi ya nusu ya mshahara, na bakshishi za wageni juu yake. Kwa hesabu tupu, hii inashinda Mjini na inashinda Wete.

Udhaifu wake ni msimu. Masika ya Aprili na Mei wageni wanapungua, baadhi ya hoteli hufunga, na wafanyakazi hurudishwa makwao. Mwaka 2020, ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya korona, waliokuwa na kwao pa kurudi na muhogo wa kuchimba ndio waliopumua. Anayechagua pwani aweke akiba ya miezi miwili tangu mshahara wa kwanza, na nyumbani pasiachwe kabisa.

Dar es Salaam sitaisema sana. Ni karibu kwa boti kutoka bandari ya Malindi pale Mjini, na soko lake la kazi ni pana kuliko la visiwa vyote viwili. Lakini kwa laki tatu na nusu, bila ndugu wa kukupokea, ni Mjini hiyo hiyo yenye umbali mrefu zaidi wa kwenda kazini.

Kabla ya kukubali

Mpigie mwajiri mwenyewe, usitosheke na maneno ya ndugu aliyekuletea habari. Uliza mkataba ni wa muda gani na utaupata lini kwa maandishi. Uliza ZSSF inaanza mwezi gani. Uliza kama 347,000 ni kabla ya makato au baada. Kama ni hoteli, uliza Aprili na Mei mnalipwa nini, nyumba ya wafanyakazi iko wapi, na mnalala wangapi chumba kimoja. Kisha mtafute mtu anayefanya kazi pale pale sasa hivi, umuulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Akisita kujibu, hilo nalo ni jibu.